Kidole cha Sita

Nilipewa kufundisha biolojia kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine. Mkuu wa shule aliniuliza kama nilisoma sayansi huko Tanzania. Nikamwambia ukweli: niliishia kidato cha nne, kisha nikasomea ualimu wa watoto wadogo. Akasema inatosha. Mwalimu aliyekuwepo kabla yangu alikuwa na shahada kutoka ng'ambo, na koti lake jeupe bado lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango wa stoo. Sikuuliza mwenyewe yuko wapi. Miaka ile, mjini Gisenyi, watu hawakuulizana fulani yuko wapi. Ulingoja uambiwe, na mara nyingi hukuambiwa.

Kitabu kilikuwa kimoja, cha Kifaransa, hakina jalada, na kurasa za mwanzo zilikuwa zimechanwa na mtu aliyehitaji karatasi kwa kazi nyingine. Kifaransa changu kilikuwa cha kuungaunga. Jioni nilikaa na kamusi nikisoma somo ambalo asubuhi ilinibidi kulifundisha kama mtu aliyelijua tangu zamani. Darasani nilitumia Kiswahili, na pale kiliposhindwa nilichomeka Kinyarwanda cha mama yangu, Kinyarwanda cha wakimbizi wa zamani kambini Karagwe, ambacho wanafunzi walikisikia kama cha bibi zao. Wakicheka niliwaacha. Kicheko kilikuwa kidogo shuleni pale, sikutaka kukipunguza.

Lakini sikuja Gisenyi kufundisha. Nilikuja kwa ajili ya dada yangu.

Alikuwa mkubwa wangu. Aliolewa na dereva wa malori aliyekuwa akipita kwetu Karagwe, mtu wa Gisenyi, akaja kukaa naye mtaa wa Nengo, kwenye nyumba yenye uzio wa mawe meusi ya volkano. Habari yake ya mwisho niliipata kwa dereva mwingine, rafiki wa shemeji. Alisimamisha lori mbele ya nyumba yetu, injini ikinguruma, akapaza sauti: "Dada yako kajifungua. Wa kike, mzima." Nikampa ndizi za njiani. Sikumuuliza kitu kingine. Wiki chache baadaye mauaji yakaanza na barabara zikafungwa.

Nilipofika Nengo nyumba ilikuwa na watu wengine ndani. Jirani mmoja, mama wa makamo, alinionyesha alipozikwa shemeji. Kuhusu dada alisema aliuawa kwenye kizuizi, njia ya kuelekea Rubavu, na kwamba hakuna aliyejua mwili wake ulitupwa wapi. Nikauliza habari za mtoto. Alisema alimwona dada akitoka na mtoto mgongoni. Jirani wa pili alisema mgongo ulikuwa mtupu. Nilirudi kwa hao wawili mara nyingi, na kila mmoja alishikilia lake. Nikabaki Gisenyi, kati ya maneno yao.

Somo la urithi lilikuja muhula wa pili. Nilimwomba fundi cherehani wa sokoni masalio ya nyuzi, akanipa mfuko mzima. Niliwagawia wanafunzi, kila dawati na rangi zake. Nikawaeleza kwamba ndani ya kila seli kuna kiini, na ndani ya kiini kuna kromosomu arobaini na sita, zimepangwa jozi jozi, katika kila jozi moja ya baba na moja ya mama. Wakalaza nyuzi mbili mbili juu ya madawati. Halafu nikachukua nyuzi ndefu, nyekundu na nyeupe, nikazisokota mbele yao kama mtu anayesokota kamba ya mbuzi. Nikasema hii ndiyo ADN, ile ambayo vitabu vya Kiingereza huiita DNA. Ni ndefu sana na imekunjwa sana, na imeandikwa kwa herufi nne tu. A hukaa siku zote mkabala na T, na G mkabala na C, hivyo ukizifumua nyuzi hizi kila mmoja unajua mwenzake alikuwaje, na unaweza kumtengeneza upya. Ndivyo seli inavyojigawa bila kupoteza kitu. Kipande cha uzi chenye maelezo ya kitu kimoja mwilini, hicho ndicho jeni.

"Donc kila mutu anatembea na kitabu ndani yake," akasema kijana mmoja aliyekulia Masisi, ng'ambo ya mpaka.

"Ndiyo."

"Na yeye mwenyewe hawezi kuisoma."

"Hawezi."

"Sawa na kitabu ya Mwalimu, basi."

Wakacheka, nami nikacheka, maana alisema kweli.

Kitabu kilitoa mfano wa macho ya bluu. Nilitazama lile darasa, macho yote ya kahawia, nikaona haya kuutumia. Kwa hiyo niliwaonyesha mkono wangu.

Katika ukoo wetu watoto wengi huzaliwa na kidole cha sita. Ni kidogo, laini, kinaning'inia pembeni ya kidole cha mwisho kama tone la nta. Siku ya mtoto kupewa jina, shangazi yake, dada wa baba, hukifunga kwa uzi wa pamba na kuukaza. Kinakauka, kinadondoka, kinaacha kovu la ukubwa wa punje ya mtama. Mtu mwingine haruhusiwi kuufunga uzi ule. Mama akiufunga mwenyewe ni kama anatangaza kwamba mtoto hana upande wa baba, kwa hiyo hungoja, hata shangazi akichelewa. Baba yangu alikuwa na kovu hilo. Mimi ninalo, mkono wa kushoto, na dada yangu alikuwa nalo mkono huo huo. Kaka yetu alizaliwa na vidole vitano kama mama.

Niliwachorea ubaoni. Baba alikuwa na jozi, uzi mmoja wenye kidole na mmoja usio nacho. Kila mtoto alipewa mmoja tu, na hakuna aliyechagua, ni kama kurusha sarafu. Mimi na dada tuliangukia upande huu, kaka upande ule. Kisha nikawaambia jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelielewa jioni ya jana yake, na lilikuwa limenifurahisha: shangazi huondoa kidole, haondoi jeni. Uzi wake haufiki huko ndani. Wanafunga kizazi baada ya kizazi, na watoto wanaendelea kuzaliwa nacho.

Nikauliza nani mwingine ana kovu kama langu. Mikono mitatu ikainuka, watu wa familia mbalimbali, mmoja wao kutoka upande wa pili wa mpaka. Wakaja mbele kulinganisha.

"Sisi ni famille moja, Mwalimu," akasema mmoja. "Noeli tunakuja kula kwako."

Ndipo kijana aliyekaa karibu na dirisha akauliza bila kuinua mkono: "Na pua, Mwalimu? Iko jeni ya pua?"

Darasa zima liliacha kuchezea nyuzi. Sijui kama aliuliza kwa ubaya. Nadhani aliuliza kwa sababu ndilo swali ambalo kila mmoja alikuwa nalo tangu nilipoandika neno urithi ubaoni. Nilimjibu kwamba pua ni ya kupitishia hewa. Kisha, kwa kuwa hilo lilikuwa kukwepa, nikaongeza kwamba ndiyo, umbo la pua hurithiwa kama kidole, na halikuambii kitu chochote juu ya mtu isipokuwa kwamba wazazi wake nao walikuwa na pua. Hakuna aliyecheka. Dada yangu alisimamishwa barabarani na mtu aliyedhani anajua kusoma uso. Hilo sikulisema. Niliwaambia wakusanye nyuzi.

Nje alikuwa ananisubiri msichana mrefu wa dawati la nyuma. Alikuwa mkubwa kuliko wenzake, asubuhi mwanafunzi, mchana mchuuzi. Alivuka Petite Barrière, kile kivuko kidogo cha mpakani, kwenda Goma na beseni la nyanya kichwani, akarudi na vitenge amejifunga kimoja juu ya kingine ili asilipe ushuru.

"Mwalimu, mi niliona kitu. Sijui kama ni ya kusema."

"Sema, binti."

"Pale barrière iko mama mumoja wa Goma, anauzaka sambaza. Anatembeaka na katoto ka mwanamuke. Kako na vidole sita, mukono ya kushoto. Hawakufunga. Inaning'inia tu."

"Mkubwa kiasi gani?"

"Kanaanza kupoteza meno."

"Watu wengi wana vidole sita. Umewaona leo darasani."

"Minajua." Alitazama chini, akachora mstari vumbini kwa kidole cha mguu. "Lakini na sura, Mwalimu. Sura ni ya kwako."

Siku zilizofuata nilijisomea somo langu mwenyewe. Dada alikuwa na uzi wenye kidole na uzi usio nacho, kwa hiyo mtoto wake alikuwa na nafasi nusu kwa nusu ya kukirithi. Yule dereva alisema wa kike, mzima, na sikumuuliza habari za vidole. Lakini kilichonishika hasa ni kwamba kidole hakikufungwa. Nilijiuliza mtoto gani hubaki na kidole chake, nikajijibu: yule ambaye shangazi yake hakufika. Dada wa shemeji alikuwa ameolewa upande wa Kibuye, na barabara zilifungwa. Dada yangu angengoja. Namjua, angengoja.

Nilijua pia kwamba huo haukuwa ushahidi. Inawezekana huko Goma watu hawafungi kabisa. Nilijua hilo kama nilivyojua kwamba A hukaa na T, na kujua hakukunisaidia. Nilikuwa nimesikia redioni kwamba nchi za mbali zina mashine zinazosoma tone la damu na kusema huyu ni wa fulani. Jibu langu lilikuwa limeandikwa ndani ya kila seli ya mkono ule mdogo, na ndani ya kila seli ya mkono wangu, na shule yetu haikuwa na hata darubini.

Jumamosi nilivuka na yule msichana. Mama wa sambaza, wale dagaa wa ziwani, alikuwa amekaa juu ya jiwe karibu na ukuta, beseni mbele yake, kikombe cha kupimia mkononi. Mtoto alichuchumaa kando akitafuna muwa. Kidole kilikuwepo. Kilicheza kila alipougeuza muwa. Nilitazama paji la uso, nikatazama masikio, nikatazama namna mdomo wa juu ulivyokuwa mfupi. Nilitafuta, na kila nilichotafuta nilikiona. Ndiyo maana siamini nilichokiona hadi leo.

Nikaomba kikombe kimoja. Alipokuwa akimimina nikasema, "Samahani, mama. Huyu mtoto ni wako?"

"Ni ya nani basi? Ya samaki?"

Wachuuzi wenzake wakacheka.

"Nimeona ana kidole."

"Iko nayo. Haijaombaka kula."

Nikamwonyesha kovu langu. Nikamweleza, kwa maneno machache niliyokuwa nimeyapanga njiani, kwamba nami nilizaliwa nacho, na dada yangu vilevile, na kwamba dada alikuwa na mtoto wa kike ambaye hakuna aliyejua alikoishia. Akaacha kupima.

"We ni nani?"

"Ni mwalimu. Nafundisha Gisenyi."

"Mwalimu ya vidole," akawaambia wenzake. "Mama, ule wa chukudu pale naye iko na sita. Enda mubebe naye." Kijana mmoja aliyekuwa ameegemea chukudu yake, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, akainua mkono wake juu ili watu wauone. Walicheka sana.

Nikasema, "Sitaki kumchukua. Nataka tu kujua ulimpata wapi."

"Nilimupata?" Hakucheka tena. "Minamuzaa."

Aliinuka, akanisogelea hadi nikasikia harufu ya samaki kwenye nguo zake, akasema kwa sauti ambayo wenzake wasingeisikia: "Sikiliza, dada yangu. Nyinyi kule muliuana kwa kutazama pua. Sasa munakuja kwetu kutazama vidole."

Niliondoka bila sambaza zangu.

Nilikuwa nimemwambia kwamba sitaki kumchukua. Haikuwa kweli. Tayari nilikuwa nimesogeza meza chumbani kwangu ili pawe na nafasi ya godoro dogo.

Jumamosi nyingine nilikwenda tena, na nyingine. Sikumkaribia. Nilisimama upande wetu, kwenye kona ya ukuta wa ushuru, kama mtu anayemsubiri mwenziwe, nikamtazama mtoto akicheza na vifuniko vya chupa. Sikufanya kingine chochote. Lakini barrière ni mahali pa midomo, na mambo hayakuisha pale. Wapagazi walianza kumwita yule mtoto "mutoto ya Mwalimu" kila alipopita. Mwanzoni ilikuwa utani. Kisha utani ukamfuata yule mama hadi nyumbani kwake, na huko Goma siku zile za vita, mtoto kuitwa Mnyarwanda halikuwa jambo la kuchekesha. Mwanafunzi wangu aliniambia kwamba majirani walikuwa wameanza kumuuliza yule mama mtoto alimzalia wapi, na nani aliona mimba. Nikamwambia aache kusimulia.

"Si mi nasema, Mwalimu. Barrière ndiyo inasema."

Halafu mama yule akatoweka, jiwe lake likakaliwa na muuza vitunguu. Nilidhani sitamwona tena. Nilikuwa karibu kuzoea wazo hilo alipotokea asubuhi moja, beseni kichwani, akimshika mtoto mkono wa kulia. Safari hii hakwenda kwenye jiwe. Alikuja moja kwa moja kwenye kona yangu, akatua beseni chini.

"Angalia," akasema.

Mkono wa kushoto wa mtoto ulikuwa umefungwa kitambaa chenye madoa ya manjano ya dawa. Akakifungua taratibu. Kidole hakikuwepo. Palikuwa na uvimbe mdogo na nyuzi nyeusi mbili za mshono.

"Nilienda naye dispensaire. Walikata, wakashona. Alilia, bon, imeisha. Sasa iko na tano kama watu. Mutu hatasema tena ni mutoto ya fulani."

Mtoto aliuinua mkono karibu na uso wangu, kwa ile fahari ambayo watoto huwa nayo kwa vidonda vyao.

"Iliuma?" nikamuuliza.

"Kidogo," akasema. Ndilo neno pekee nililowahi kusikia kutoka kwake. Jino la mbele lilikuwa limeng'oka.

Nilishika mkono wake ili kuutazama, kwa mkono wangu wa kushoto, bila kufikiri. Mikono ikakaa sambamba juani. Mshono wake ulikuwa pale pale lilipo kovu langu. Ungepona baada ya majuma machache na kuacha punje ya mtama, kama ya baba yangu, kama ya dada yangu. Alikuwa amekiondoa kidole ili mtoto asifanane na sisi, na sasa ndipo alipofanana. Niliinua macho nikaona kwamba mama yule naye alikuwa akitazama mkono mmoja, kisha mwingine. Alikiona nilichokiona. Akamvuta mtoto, akaanza kufunga kitambaa haraka, akakosea, akafungua, akafunga tena.

"Mama," nikasema, "kidole kinakatwa, lakini..."

Darasani nilikuwa najua sentensi ile inaishia wapi. Pale niliiacha. Ningeimalizia kwa nani? Mwanamke aliyemtia kisu mtoto wake ili abaki naye hakuhitaji kuambiwa kwamba uzi haufiki huko ndani. Siku moja mtoto huyo atazaa, na huenda wa kwake akaja na kidole, na atashangaa kimetoka wapi, na hakutakuwa na wa kumjibu.

Nikamuuliza kitu kimoja tu. "Anaitwa nani?"

Aliinua beseni, akaliweka sawasawa juu ya kata. Nadhani alilifikiria jina lenyewe, akaona kwamba hilo nalo naweza kulichukua.

"Anaitwa mutoto yangu," akasema.

Walivuka. Sikurudi tena kwenye kona ile. Nilipohitaji kitu cha Goma nilimtuma mtu, na meza ya chumbani kwangu niliirudisha ilipokuwa. Wale majirani wawili wa Nengo bado walikuwa hai, mmoja na mgongo wenye mtoto, mwingine na mgongo mtupu. Niliacha kwenda kuwauliza.

Mwaka uliofuata somo la urithi likafika tena. Nilileta nyuzi, nikazisokota, nikataja zile herufi nne. Ulipofika wakati wa mfano nilifungua kitabu cha Kifaransa, mkono wa kushoto nimeuweka chini ya kitabu, nikasoma habari za macho ya bluu.

"Mwalimu," akasema msichana mmoja wa mbele, "hapa kwetu nani iko na macho ya bluu?"

"Hakuna," nikasema. "Andikeni."